Sentensi Moja na Kiatu cha Kushoto

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Akiwa na umri wa miaka kumi alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu katika mashindano ya ngoma Kisesa, akavuta uwanja mzima, na kundi pinzani likabaki na mpiga ngoma mmoja."

Ilikuwa kwenye ukurasa wa mwanamuziki mmoja wa huku kwetu, ambaye nyimbo zake mbili zilipigwa sana redioni, na ya tatu haikupigwa. Ukurasa uko kwenye tovuti ya maarifa ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Mimi ni mmoja wa hao watu yeyote. Mchana nachapa barua na wasifu za watu kwenye duka la steshenari Mkolani, na pasipo na mteja nasahihisha makala za watu nisiowajua. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kanuni zote za tovuti kwenye simu, moja baada ya nyingine, hadi nikaanza kuziota.

Kundi pinzani lilikuwa la babu yangu.

Alinipigia mwezi wa tano, asubuhi.

"Mke wangu," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, utani wa babu na mjukuu. "Hiyo mitandao yako ina adabu gani?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Jirani amenisomea kwenye simu yake, mbele ya watu, nikiwa nimekaa na chai yangu. Eti nilibaki na mpiga ngoma mmoja. Futa."

"Siwezi kufuta tu, babu. Lazima nithibitishe kwanza kama si kweli."

"Uthibitishe kwa nani? Mimi si nipo?"

Kisha sauti ikashuka. Akanikumbusha kwamba mwezi wa sita, siku ya ngoma, angemkabidhi usinga kiongozi mpya baada ya kuongoza kundi tangu kabla mama yangu hajaolewa. Mwanamuziki yule alikuwa amealikwa siku hiyohiyo. "Sitaki kumkabidhi mtu usinga huku vijana wananitazama kama mzee aliyekimbiwa," alisema. "Nataka niondoke kama nilivyokuwa. Ni hilo tu."

Nikasema nitaangalia.

Kwa asiyezijua ngoma zetu: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, yakiwa yameachana hatua chache. Hakuna majaji. Watazamaji ndio hukumu. Wanakwenda huku, wanarudi kule, na jioni kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta cha kuvuta macho: nyoka, nungunungu, mtu wa mti anayekata kiuno. Kuna na dawa ya mvuto, ambayo babu, mzee wa kanisa, huwa anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia chumvi. Na kiongozi ana mwiko mmoja. Hageuki kuangalia upande wa pili. Akigeuka, amekwisha kushindwa.

Babu hakuwahi kukana kwamba mwaka ule walizidiwa. Alikuwa na sababu yake. Alikuwa anacheza peku, na viatu vyake vyeusi vya ngozi alimpa mtu amshikie. Ngoma ilipokwisha, kiatu cha kushoto hakikuwapo. Alipoinua macho akakiona kimetundikwa kwenye mti wa bendera upande wa wapinzani, na wao wanakiimbia. Basi akajua. Walikiiba mapema, wakakifanyia mambo yao, ndiyo maana miguu yake ilikuwa mizito tangu saa nane. Akarudi nyumbani na kiatu kimoja. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye kipaimara changu.

Mtu aliyepewa viatu ashike nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka saba. Niliulizwa, nikasema nilipitiwa na usingizi.

Ningekuwa mtu mwingine ningefuta sentensi ile siku ileile. Haikuwa na chanzo cha maana. Blogu tatu ziliisimulia, na zote tatu zilisema Kisesa ni kisiwa. Kisesa iko kando ya barabara ya lami, ziwa hulioni hata ukipanda juu ya jiwe. Kwa hiyo mmoja alikosea na wawili wakamnakili. Hiyo peke yake ilitosha. Lakini nilijua kwamba nikifuta, nitakuwa nimemfutia babu, na kanuni inakataza kuhariri jambo la ndugu yako. Na nikiacha, nimemwacha babu. Nikaweka alama ndogo mwisho wa sentensi: chanzo kinahitajika. Ndani ya saa moja mhariri mwenzangu, mtu wa mbali ambaye sijawahi kumwona, akaniandikia: "Asante. Unatafuta chanzo wewe, au nifute Ijumaa ya mwisho wa mwezi?"

Nikajibu natafuta mimi. Mpaka leo sijui kwa nini. Najua, lakini nitafika huko.

Nilijiwekea sharti: mashahidi wawili waliokuwepo, wasiotoka upande mmoja. Niliandika sharti hilo kwenye karatasi, nikaliandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Chumba changu ni kidogo, hivyo popote nilipogeuka lilinisoma.

Shahidi wa kwanza nilimpata Kigongo. Mteja mmoja wa dukani alisema shangazi yake alicheza upande wa pili miaka hiyo, na sasa ana kibanda cha chakula pale kivukoni. Tangu daraja lifunguliwe wateja wamepungua, kwa hiyo alifurahi kumpata mtu wa kuongea naye. Alinipakulia ugali na sato kabla sijasema neno.

"Yule mtoto?" alicheka. "Mwanangu, hapakuwa na jukwaa hapo. Tulipindua kinu, tukamsimamisha juu. Kasweta ka shule. Alipofungua mdomo, watu walihama kama ng'ombe walioona maji."

"Wote?"

"Wote! Muulize yeyote wa upande wetu."

"Na wa upande wa pili?"

"Hao watakudanganya." Akanitazama. "Kwani wewe ni wa upande gani?"

Nikasema mimi ni mtafiti tu.

"Hakuna mtafiti Usukumani. Kila mtu kazaliwa upande." Akageuza samaki wake mafutani. "Watu walikuwa wengi mpaka tulipomaliza tukaanza kuokota vitu. Kanga mbili, kitana, ndala za watoto. Na kiatu cha mwanamume, kinang'aa hicho, utajiona uso! Tukakitundika, tukaimba: mwenye mguu aje auchukue." Alicheka hadi akashika meza. "Hakuja."

"Mlikiokota wapi?"

"Si hapohapo, mbele ya kinu. Kilikuwa kimekanyagwa, masikini."

Sato yule sikummaliza. Mama akanifungia kwenye mfuko.

Shahidi wa pili alipaswa kuwa mtu asiye na upande. Nikadhani nimempata: mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye tangu enzi za baba yake ndio wanayauzia makundi yote mawili vitambaa vya sare, na kila mwaka huenda Kisesa kuangalia bidhaa yake ikicheza. Hakuzaliwa upande wowote. Niliingia dukani nikiwa nimeandika maswali saba.

"Mwaka ule? Nakumbuka sana," alisema. "Nilikuwepo, na marehemu mke wangu. Nyekundu niliyowauzia upande mmoja ilitoka rangi kwa jasho, mpaka leo naona aibu."

"Nani alishinda?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kaniki. "Binti, wote ni wateja wangu. Wote walishinda."

"Lakini kuna upande ulibaki na mpiga ngoma mmoja?"

"Wewe unataka mimi nifunge duka?" Akaivaa tena miwani na kunitazama vizuri zaidi. "Wewe si mjukuu wa yule kiongozi? Una paji lake la uso. Nenda kamuulize babu yako. Mwambie rangi ya safari hii haitoki."

Nikatoka na maswali yangu sita yasiyojibiwa.

Sasa niseme. Sikuwa nahitaji mashahidi kwa ajili ya kujua. Nilikuwa najua tangu babu aliponipigia, tangu kabla ya hapo, tangu nikiwa na miaka saba. Sikupitiwa na usingizi. Nilivuka. Nilisikia sauti ya mtoto mwenzangu kutoka kule, nikainuka na viatu vya babu kifuani, nikapita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele. Mwanamume nisiyemjua akaniinua mabegani nione. Nikaona kinu, nikaona sweta, nikapiga makofi. Huwezi kupiga makofi na viatu mkononi. Kimoja nilikibana kwapani, kingine sijui. Niliporudi, babu alikuwa bado anacheza, ameupa mgongo upande nilikotoka, na mbele yake uwanja ulikuwa mweupe, vumbi tupu.

Nilichokuwa natafuta ni mtu mwingine aseme, ili mimi nisiseme. Usahihi wangu wote, vyanzo vyangu, karatasi yangu ya ukutani, vilikuwa mahali pa kujificha. Na yule mama wa Kigongo, bila kujua, akawa ameufunga mlango: kiatu kilikuwa mbele ya kinu. Kilipelekwa na mtu.

Jumapili kabla ya siku ya ngoma nilikwenda Kisesa. Babu alikuwa uani anapaka mafuta usinga wake, anachambua nywele mojamoja.

"Umefuta?"

"Bado, babu."

"Mke gani wewe, unatumwa neno moja mwezi mzima."

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri, yakapotea, nikasema vibaya, kwa kurukaruka, nikianzia mwisho. Kiatu hakikuibwa. Nilikipeleka mimi. Sikulala. Nilivuka.

Hakuinua macho.

"Ulikuwa umelala," alisema. "Nilikuacha umelala juu ya gunia."

"Niliamka."

"Umesoma kwenye simu. Mtu akisoma sana kitu anadhani alikiona."

Hilo liliniuma kuliko matusi, kwa sababu lingeweza kuwa kweli. Nilikaa pale nikijikagua kama ninavyokagua makala ya mtu. Sweta nililisikia Kigongo. Kinu nilikisikia Kigongo. Nina nini ambacho ni changu?

"Aliimba kuhusu kuku," nikasema. "Kuku wa jirani anayekuja kulala kwetu, na kwao ana banda."

Mkono wake ukasimama kwenye usinga.

Bata wa jirani walipita uani wote, mmojammoja, na yeye hajasema. Kisha akauliza, taratibu, kitu ambacho sikukitegemea.

"Aliimbaje?"

"Babu?"

"Mimi sikugeuka. Kiongozi hageuki. Nilisikia kelele tu. Miaka yote hii sijui kilichowachukua watu wangu ni nini." Akaniangalia. "Uimbe."

Sina sauti. Nikauimba hivyohivyo, mistari miwili niliyoikumbuka, nikirudia wa kwanza kwa sababu wa tatu haukuja. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole kinagonga goti, kinakosoa mapigo yangu.

"Mm," alisema. "Wimbo wa kawaida."

"Ndiyo, babu."

"Kwa hiyo mke wangu ulinikimbia kwa wimbo wa kawaida."

Nililia kidogo, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza. Aliingia ndani. Nikasikia anasogeza kitu chini ya kitanda. Akatoka na kiatu cha kulia, cheusi, kimekakamaa kama samaki mkavu, ushahidi alioutunza miaka kumi na sita wa wizi ambao haukutokea. Akakiweka mapajani mwangu.

"Nilikuambia ushike mpaka nimalize kucheza," alisema. "Sijamaliza. Shika."

Nilipofika njiani akaniita.

"Usifute. Lakini hawakuwa mmoja. Walibaki wapiga ngoma wawili. Yule mwingine alikwenda kujisaidia tu, akarudi. Andika wawili."

"Sawa, babu."

"Uandike vizuri."

Nilirudi Mkolani na kiatu kwenye mfuko. Niliketi, nikafungua ukurasa, nikabadilisha "mpiga ngoma mmoja" kuwa "wapiga ngoma wawili." Nilisoma sentensi mara kumi na moja kabla ya kubonyeza. Nilikuwa nimemhoji mtu aliyekuwepo, tena aliyesema jambo linalomuumiza mwenyewe. Hakuna shahidi bora kuliko huyo. Lakini ni babu yangu, na mwingine ni mimi, na hakuna kati yetu anayeweza kuandikwa pale chini, penye orodha ya vyanzo.

Dakika kumi baadaye sentensi ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa, mpiga ngoma mmoja. Mhariri wa mbali alikuwa ameacha neno moja: "Chanzo?"

Niliandika jibu nikafuta, nikaandika nikafuta. Simu ikaita mkononi mwangu.

"Umeandika wawili?" babu aliuliza.

Kiatu kilikuwa mezani, mdomo wazi, kinanielekea.

"Nimeandika, babu," nikasema.

"Vizuri. Jumamosi uje mapema. Nitavaa viatu vipya, vitahitaji mtu."