Kiti cha Kinyozi Ndani ya Mashua

Kinyozi hakuwa na ugomvi na dagaa wala uduvi. Shida yake ilikuwa vidole. Mtu anayeshika mashavu ya watu kutwa, Jumanne hadi Jumapili, hawezi kunuka chambo. Zamani mteja mmoja aliinuka kitini akiwa amenyolewa upande mmoja, akasema anarudi sasa hivi, na mpaka leo yuko njiani. Tangu hapo kinyozi akaapa kuvua kwa vyambo bandia tu.

Alivitengeneza mwenyewe nyuma ya duka, wateja wakikawia. Mpini wa kijiko uliosuguliwa mpaka ukang'aa. Kipande cha mti laini kilichochongwa mfano wa dagaa na kupakwa rangi ya kucha ya mkewe. Manyoya ya brashi kuukuu ya kunyolea, yamefungwa kwa uzi kwenye ndoana. Wateja walimtania kwamba siku samaki watakapoota ndevu, wa kulaumiwa anajulikana.

Mwenzake baharini alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi wa kupiga vigae. Kila Jumatatu, duka limefungwa, wawili hao walisukuma kimashua chao cha faiba, wasiende mbali: kandokando ya mawe na kwenye mkondo, mahali ambapo ukiita, wa nchi kavu anakuitikia. Shemeji alikaa kwenye ubao wa katikati, miaka kumi na minne, ubao ukashika umbo lake. Yeye ndiye aliyesoma maji na kusema pa kutupa, kinyozi akatupa. Kazi yao nyingine ilikuwa kusemana.

Basi kinyozi akashikwa na ugonjwa wa kuboresha. Alianza na vipande vya bomba vya kusimamishia fimbo za kuvulia. Ikaja betri, halafu kioo kidogo cha umeme kinachoonyesha kina cha maji na samaki walio chini. Shemeji alikiita runinga, akauliza taarifa ya habari ni saa ngapi. Hayo yote yalipita. Kilichoharibu ni kiti.

Duka lilipata kiti kipya, na kile cha zamani, cha chuma, kinachozunguka na kupanda kwa kukanyaga, kikakosa pa kwenda. Kinyozi alikitazama wiki nzima. Mvuvi wa vyambo bandia hutupa kutwa, mara huku mara kule. Akiwa na kiti kinachozunguka, atataka nini tena duniani? Jumapili akakipeleka kwenye mashua. Hakikuenea. Akachukua msumeno, akaukata ubao wa katikati, akakifunga kiti kwa bolti nne. Hakumuuliza mtu. Mikono ya kinyozi imezoea kukata kwanza, mwenye kichwa akajitazama baadaye.

Jumatatu shemeji alifika na fimbo yake, akasimama akiangalia.

"Mimi nakaa wapi, shemeji?"

Kinyozi alimwonyesha sanduku la betri.

Akakaa, magoti yakimgusa kidevu. Kiti kilizunguka vizuri kupita kiasi: kinyozi akigeuka kulia, mashua nayo inakwenda kushoto, na mara mbili ndoana ilipita jirani na sikio la shemeji. Waliporudi, shemeji alishukuru kwa adabu, akasema Jumatatu zijazo ana kazi ya vigae. Adabu ile ndiyo iliyomtisha kinyozi. Shemeji yake hajawahi kumshukuru kwa lolote.

Jumatatu tatu alikwenda peke yake, amekaa juu ya chuma chake kama mfalme asiye na raia. Mbavu za mashua zilianza kucheza, maana ubao ule ndio uliokuwa ukizishika. Samaki hakupata hata wa paka. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumwambia ametupa vibaya. Akamwomba mkewe aseme na kaka yake. Mke alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. Alisema yeye hakuolewa ili awe tarishi wa mashemeji, na aliyeukata ubao mdomo anao.

Jumatatu ya nne hakwenda baharini. Alikwenda kwenye nyumba ambako shemeji alikuwa kweli anapiga vigae. Alimkuta bafuni amepiga magoti, ndevu zimemjaa; kumbe hata kunyolewa alikuwa amesusa. Kinyozi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akasifu vigae. Akauliza habari za magoti. Shemeji akawa anagonga kigae taratibu kwa mpini wa nyundo.

"Nimekukosea, shemeji," kinyozi alisema mwishowe. "Ule ubao ulikuwa wako, nikaukata bila kukuuliza."

"Ubao ni mti tu," shemeji akajibu. "Ungeniuliza ningekuambia mashua italegea. Halafu ningekushikia ukate." Akagonga kigae kingine. "Kiti unakitoa lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kile kiti alikipenda. Aliukumbuka mgongo wake, jinsi ulivyotulia pale.

"Leo," akasema. "Ila peke yangu sikiwezi."

Shemeji alimaliza safu yake bila haraka, akanawa mikono. Alasiri ile walikifungua kiti, wakakibeba wakilaumiana njia nzima, wakaweka ubao mpya, mpana. Kipimo walikichukua kwa kukaa wote wawili, na shemeji akadai upana wote umesababishwa na mwenzake.

Jumatatu iliyofuata shemeji alisema samaki wako kwenye mawe. Kioo kilisema wako nyuma yao, kwenye mkondo. Walibishana mpaka shemeji akachoka, akasema haya, tuisikilize runinga mara moja. Kinyozi akatupa chambo cha manyoya, akakiacha kizame, akakivuta kwa kukishtuashtua. Kolekole akakidaka, akataka kuondoka nacho. Mashua ilipoinama, shemeji alikwisha kuegemea upande wa pili, bila kuambiwa, mpaka samaki akaingia.

Alimtazama samaki, akakitazama kioo, akakubali kwa shida kwamba leo taarifa ya habari ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza ni kitu gani kingine kinyozi anakusudia kukikata.

Kinyozi alikiri kwamba amekuwa akifikiria kuihamishia betri mbele.

"Itazamisha pua," shemeji akasema, akajisogeza ubaoni. "Lakini hebu eleza."