Nilipokuwa Maiti wa Manowari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikiwa kwetu Litembo, milimani, safari yangu ndefu ni ya kutoka jikoni hadi kwenye mibuni, na hata hapo nabeba kigoda. Kwa hiyo mama aliponituma ziwani nikamlete bibi, nilijua ameishiwa watu.

Bibi alikuwa amekataa kuhama. Babu alikwenda kuvua usipa, vile vidagaa vya ziwani, ziwa likachafuka kwa upepo, mtumbwi ukarudi, mwenyewe hakurudi. Mwili haukuonekana. Ndugu waliweka matanga, bibi hakukaa. "Nimlilie nani? Mleteni kwanza." Akabaki peke yake kwenye nyumba ile ya ufukweni, miguu imevimba, asije babu akarudishwa na maji akakosa wa kumpokea. Wajomba walishashindwa. Nikatumwa mimi, kwa hoja kwamba mjukuu ni mtani wake.

Nilikuta ufukwe umevamiwa na watu wa sinema, wengine wa Dar, wengine wa ng'ambo. Walikuwa wakipiga picha ya vita vya majini, ya enzi za Mjerumani. Manowari yao ilikuwa na ubavu mmoja tu, wa mbao zilizopakwa rangi ya chuma. Kwa nyuma ni nguzo na misumari, na mbuzi wamejilalia kivulini. Fedha yote ile, nikawaza, na meli bado ni nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au kunihamisha?"

"Kukuhamisha."

"Basi rudi kwenu. Sijaachika."

Sikurudi, maana kurudi nako ni safari. Kesho yake wakatafutwa watu wa kuigiza. Vijana wa ziwani wakawa mabaharia wa kuruka majini. Mimi wa milimani, nisiyejua kuogelea, nikaulizwa naweza nini. Nikasema kulala. Wakanivika sare na mabuti, wakanipaka damu, wakanilaza mchangani. Sijapata kazi iliyonifaa namna ile.

Wanawake wa kijiji waliitwa waje walie. Bibi akaja nao, kunicheka tu.

"Mwoneni," akasema. "Hata kufa, kachagua palipo laini."

Mwongozaji alitaka wakimbie, wajitupe chini, wapige mayowe. Wakafanya. Bibi, kwa miguu ile, alifika wa mwisho, akaketi kando yangu. Nikangoja utani. Haukuja. Akanivua mabuti taratibu, akanipangusa mchanga kwenye vidole. Akaninyoosha miguu, akanilaza mikono ubavuni. Akachana pindo la kanga yake akanifunga taya, kama tunavyowafanyia maiti kabla hawajakauka. Kisha akaanza kunigombeza kwa sauti ya chini: nilikwambia upepo si mzuri, ukasema kabla chai haijapoa utakuwa umerudi, ukaniacha na chai.

Hapo nikajua aliyelala pale si mimi. Nikabana pumzi.

Wanawake wakaacha mayowe ya kuajiriwa. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea. Mwongozaji akapaza sauti kwamba basi, imetosha. Hakuna aliyenyamaza hadi beti zilipokwisha.

Mkalimani akaja. "Bibi, umefanya vizuri sana. Ila turudie, moshi umeziba kamera."

"Turudie nini, mwanangu?"

"Kulia."

"Mtu hanyooshwi mara mbili."

Mkalimani akanigeukia mimi. "Kaka, mwambie basi."

Nikamwonyesha taya. Fundo lilikuwa legevu, kulifungua ni kidole kimoja. Sikulifungua.

Wakatafuta maiti mwingine na mjane mwingine. Nasikia walipata wazuri kutuzidi.

Bibi akanishika bega, akainuka, tukaenda nyumbani kwake. Mlangoni akasimama, akalitazama ziwa kidogo, kisha akaingia. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la babu, ambalo hata wajomba hawakuruhusiwa kuligusa.

"Huko kwenu Litembo baridi bado ipo?"

"Ipo, bibi."

Akalitungua koti kwenye msumari, akalikung'uta vumbi, akalivaa.