Maneno Niliyombunia Bibi Malka

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, bibi yangu mzaa baba alinisimamisha nyuma ya banda la ng'ombe akaniuliza, "Kwani mimi nimekufa?" Hakupaza sauti. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo peke yangu swali hilo hunirudia, uso ukapata moto, nikatamani beseni linimeze.

Mwanangu, jana nilikusikia. Bibi yako, mama yangu, alipiga simu kutoka Uru, kule mlimani, akakusalimia kwa Kichagga kama kawaida yake. Na wewe, kwa sababu wenzako wa shule walikuwa wamejaa sebuleni, ukamjibu kwa maneno ya ajabu uliyoyatunga papo hapo, wenzako wakavunjika mbavu. Yeye kule anauliza, "Nani huyo? Nani huyo?" Nilikunyang'anya simu. Mkono niliokuwa nimeuinua kukuzaba kibao ukabaki hewani, na nilikuona ukishangaa. Usifikiri nilikuhurumia. Nilijiona mwenyewe. Ndiyo maana nakuandikia, maana nikianza kusema nitapiga kelele mpaka majirani waje.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi kwenye nyumba ya wageni Uru ya chini. Kufua mashuka, kutandika vitanda, kupeleka chai. Kutoka pale mpaka kwa bibi yangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupanda. Hiyo nusu saa ishike kichwani.

Mgeni wetu wa muda mrefu alikuwa Bibi Malka, mzee wa Kiyahudi, mfupi, wa soksi nzito hata jua likiwaka. Binti yake alikuwa daktari aliyekuja kujitolea mjini Moshi. Binti anashuka mjini asubuhi, mama anabaki barazani na daftari lake. Tuliongea Kiingereza, chake cha haraka, changu cha kuokoteza.

Lile daftari lilikuwa la Kiyidi, lugha ambayo Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wakiongea majumbani mwao. Aliniambia kwamba wengi walioiongea waliuawa wakati wa vita kuu ya pili ya dunia. Mama yake alinusurika, akahamia nchi ya mbali, na kila siku alimsemesha mwanawe kwa Kiyidi. Malka mdogo aliona aibu mbele ya wenzake, akawa anamjibu kwa Kiingereza. Miaka yote hiyo, mwanangu. Mama akafa. Ndipo uzeeni akaanza kuhudhuria darasa, akiokota mojamoja maneno ambayo zamani yalikuwa yakimwagwa jikoni kwao bure.

"Sitaki maneno makubwa," aliniambia. "Nataka ya kuamka, ya kula, ya kumfukuza kuku."

Basi tukapatana. Yeye atanipa neno la kwao, mimi nitampa la kwetu, kila mmoja akiandika kwenye daftari lake.

Nilijifunza haraka, sikufichi. Nikiingia na chai nasema "Gut morgn," habari ya asubuhi, naye anafurahi mpaka miwani inateleza. "A dank," asante. "Es, es, mayn kind," kula, kula mwanangu, ananiambia huku akinisogezea mkate wake mwenyewe. Nililolipenda zaidi ni "nu". Hilo ni haya, ni enhe, ni mbona unakawia, inategemea umeinua nyusi namna gani. Nilipolifikisha jikoni mpishi alilipora. Nikichelewa kurudisha sahani anachungulia dirishani: "Nu?"

"Nakuja, mama mpishi!"

"Unakuja kwa Kiyahudi au kwa miguu?"

Upande wangu sasa. Mimi nilizaliwa mjini, nikalelewa kwa Kiswahili, na nilipokwenda mlimani kwa bibi nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Kichagga nilichokuwa nacho ni "aika", asante, ambalo hata wapagazi kutoka mikoa mingine wanalijua. Siku ya pili Bibi Malka aliniuliza mvua inaitwaje. Ningesema sijui. Ningesema kesho nitamuuliza bibi. Lakini Mchagga mzima, jina la Kichagga, kijiji cha Kichagga, nimwambie mgeni sijui? Nikafungua mdomo, nikatunga neno, nikalimalizia na "nyi" ili lisikike la mlimani.

Akaliandika. Kwa kalamu, taratibu, akilirudia.

Kuanzia hapo sikuweza kusimama. Moto, majivu, jirani, maziwa, karibu ule, vyote nilivibuni nikiwa nimeshika ufagio. Vingine nilisahau nilivyovitaja jana, na yeye ndiye aliyenikumbusha. Nilicheka nikiwa chumbani. Ndiyo, nilicheka. Hapo ndipo panapouma.

Karibu na kuondoka kwake akasema kila kijiji kinachompokea anapenda kukiaga kwa lugha ya wazee wake. Akaomba nimpeleke kwa bibi yangu. Nilitafuta visingizio. Njia ina utelezi, bibi anaumwa mgongo, ng'ombe ni mkali. Akavaa soksi zake, akanifuata.

Bibi alikuwa ameinjika mtori wa ndizi tangu asubuhi. Shangazi yupo, baba mdogo yupo, kila mtu ameoga. Tukala. Kisha Bibi Malka akasimama katikati ya ua wa migomba, akafungua daftari, halafu akalifunga, maana alikuwa ameshika yote kwa kichwa. Akamgeukia bibi yangu, akatoa hotuba ndefu, nzuri, ya maneno yangu.

Baba mdogo akasema, "Hiki ni Kimasai?"

"Kimasai gani," akajibu shangazi, "hiki si ndicho hicho cha kwao huyu mgeni?"

Wakaanza kucheka. Bibi aliinua kidole kimoja tu, wakanyamaza. Alinitazama mimi, siyo mgeni, kwa muda ambao chungu kingeweza kuchemka. Kisha akaishika mikono ya Bibi Malka, akamjibu kwa Kichagga cha kweli, kwa upole, kama mtu aliyeelewa kila neno. Bibi Malka alikuwa mzee, siyo mjinga. Alisikiliza, akajua hakuna hata sauti moja inayofanana na yake. Akageuka kwangu na nyusi zimeinuka.

"Nu?"

Nilikimbilia banda la ng'ombe, na bibi akanifuata.

"Yale maneno kayapata wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe umeyatoa wapi?"

"Kichwani."

Ndipo akauliza kama yeye amekufa. Akaendelea, "Niko hapa. Najua jina la kila jani humu kihambani, shamba hili la ukoo wetu. Nusu saa tu, mjukuu wangu. Umeona heri uokote uongo kuliko kunifuata mimi?"

Kisha akaenda kwenye mpaka wa shamba, akakata jani la isale, akaniwekea mkononi. Unaliona pale kwetu, lile jani refu la kijani. Kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, na akilipokea neno linaisha.

"Mpelekee. Mwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

Nilipiga magoti mbele ya baba mdogo na shangazi, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba kasoro "aika" kila neno la Kichagga kwenye daftari lile nimelibuni. Bibi Malka alikaa. Akapekua kurasa, moja, nyingine.

"Nilikuwa nayarudia kila asubuhi kabla ya kuamka," alisema. "Na haya niliyokupa mimi, unadhani pia nimeyabuni?"

"Hapana, bibi."

"Unajuaje?"

Sikujua. Nilikuwa nimemwamini tu. Mwanangu, hakuna aliyewahi kunichapa kama swali lile lilivyonichapa.

Alilichukua isale. Hakutabasamu. Aliliweka ndani ya daftari, akasogeza kigoda karibu na bibi yangu, akaonyesha moto: "Nu?" Bibi akautaja kwa Kichagga. Akaonyesha majivu. Bibi akataja. Wazee wawili wasio na lugha moja kati yao, na mimi mwenye Kiingereza na Kiswahili nimekaa chini kama kinyesi cha kuku, naandika neno ambalo ningelijua tangu utotoni. Lile daftari langu bado ninalo. Kiyidi ukurasa wa kushoto, Kichagga wa kulia, na cha kulia kilianza siku ile.

Siku ya kuondoka alinishika shavu. "Zay gezunt," akasema, uwe na afya, ndivyo wanavyoagana. Sijui kama moyoni alinisamehe. Nilistahili kutojua.

Bibi yangu sasa amelala kihambani. Wako, mama yangu, yuko hai na simu anapiga. Kwa hiyo nisikilize. Usilolijua sema hujui, hata mbele ya wenzako, hata kama uso utawaka. Mwenye kulijua akiwa hai, panda ukamuulize. Na lugha ya mtu, iwe ya mzee wa Ulaya au ya bibi yako, usiifanye kichekesho cha sebuleni, maana huenda ndicho kitu pekee alichobakiziwa na mama yake.

Kesho tunapanda Uru. Isale utalikata mwenyewe, na maneno utayasema mwenyewe. Mimi sitakusemea.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na magoti yanayokunjika mapema kuliko yangu. Akuwekee bibi yako siku nyingi za kukujibu. Zay gezunt, mwanangu.