Jiwe Jekundu la Mokeira

Nyangau wa kijiji cha Tabaka alikuwa na wivu, na usimtetee mtu huyu. Mchonga mawe hodari, viboko na twiga wake wanauzwa hadi ng'ambo, eti anaonea wivu jiwe la mtoni!

Mkewe Mokeira, mwalimu wa bayolojia, alikuwa akisomea shahada ya pili. Alichunguza ule utando mwekundu unaoganda kwenye mawe ya vijito vyenye kivuli. Si kutu wala rangi, alisema. Ni mwani, wa ukoo mmoja na mwani mwekundu wa baharini. Huu hauoti tawi wala jani. Unalala tu juu ya jiwe, chembe juu ya chembe, na huzaana kwa vipande vidogo vinavyobanduka na kushika jiwe jingine. Alitaka kujua kama wa kijito chao ni spishi ileile ya mito mingine au ni wa peke yake.

Nyangau hakusikia mwani, alisikia Haron. Haron kasema hivi, Haron kapima chembe. Huyo Haron, mhadhiri wa Mokeira, alikuwa akishinda naye kijitoni wakiinamia mawe. Roho ilimuuma Nyangau, jamani, hata ugali ukawa haupiti.

Ijumaa Mokeira akaja na jiwe kwenye beseni la maji, limeiva wekundu, akalitazama kwa lenzi huku akitabasamu. Miaka yote ya ndoa, hakuna kiboko cha Nyangau kilichotazamwa hivyo!

Jumamosi asubuhi, siku yao ya Sabato, Nyangau akasingizia kuumwa kichwa. Mkewe na watoto walipokwenda kanisani, yeye, ambaye tangu abatizwe hajagusa kazi siku hiyo, akachukua msasa. Hakutaka kulivunja lile jiwe, alitaka mke aone fundi ni nani. Akalisugua majini mpaka wekundu ukaisha, akalipaka nta, likang'aa.

Mokeira aliporudi alisimama mlangoni. "Baba Duke, wekundu uko wapi?"

"Nimetoa uchafu. Haya, mpelekee Haron wako."

"Haron hajaliona hili. Nililipata peke yangu jana, na sijaona jingine la namna hiyo." Alisogea, akalipapasa jiwe. "Nililileta nyumbani kwa sababu leo hufanyi kazi. Nilitaka baada yangu wewe uwe wa kwanza kulitazama kwa lenzi."

Akatoa lenzi mkobani, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akaenda kuwavua watoto nguo za kanisani.