Mtoto Asiyekohoa

Mukankusi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua maziwa, kwanza huyanusa; mtu akimsalimu kwa bashasha nyingi, hujiuliza katumwa na nani. Na mwaka huo wa 1992, mjini Kigali, hakuwa peke yake kwa tabia hiyo. Alikuwa mjane, na kwa miaka sita alikuwa akiwatunzia watoto akina mama wanaouza sokoni Kimisagara. Waliletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, watoto saba kwenye mkeka mmoja, uji wa sufuria moja.

Mvua za Machi zilipoanza, mafua yakaingia uani kwake na yakakataa kutoka. Mmoja akipona, mwingine anaanza. Akina mama wakanong'ona juu ya uji. Spéciose, muuza mihogo, akaanza kumleta mwanawe na chupa yake ya maziwa. "Tumbo lake halitaki uji siku hizi," alisema, akiangalia pembeni. Mukankusi alielewa. Anayeshukiwa kuwatilia watu sumu haulizwi, huepukwa tu.

Basi naye akaanza kuwachunguza watoto. Mchana wakilala, aliwatazama mmoja mmoja, mpaka macho yake yakatua kwa Ingrid, binti wa miaka minne wa Gaudiose, muuza makaa. Ingrid hakuwa amekohoa hata siku moja. Alikula vizuri, akacheza vizuri, ila akilala alikoroma kama mzee, mdomo wazi. Wote wanaumwa, yeye haumwi. Kwa nini?

Bila kumwambia mama yake, akambeba hadi zahanati. Muuguzi, Melchior, akammulika mtoto kooni kwa tochi.

"Mafindofindo yake ni makubwa," alisema. "Na nyama za nyuma ya pua lazima zimevimba pia, ndiyo maana anakoroma. Kuna virusi vya mafua ambavyo homa ikiisha haviondoki. Hujificha humo miezi na miezi, mtoto ni mzima, na pengine anawaambukiza wenzake."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Nimesema pengine, mama. Tochi haionyeshi virusi. Niletee na wale wengine niwaangalie."

Lakini Mukankusi alikuwa keshamfunga mtoto mgongoni.

Jioni akamwambia Spéciose kwa sauti ya chini kwamba mwenye virusi ni Ingrid. Alikusudia mafua. Lakini Kigali ya siku zile neno hilo lilikuwa na maana moja tu: Sida, yaani Ukimwi. Kesho yake kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka soko zima, na makaa ya Gaudiose yakakosa mnunuzi. Gaudiose akaja uani, akamshika mwanawe mkono, akaondoka naye.

Wiki tatu zikapita bila Ingrid. Kisha watoto wawili wakaanza tena kukohoa, na baada ya siku tano wakawa wanne. Hapo moyo ukamsuta Mukankusi. Akawakusanya sita waliobaki, akawapeleka kwa Melchior. Watatu walikuwa na mafindofindo kama ya Ingrid.

"Hata wewe huenda umebeba virusi hivyo," Melchior alisema. "Uliwaambia nini watu?"

Akamweleza. Muuguzi akazima tochi yake.

"Basi nenda ukawaambie tena."

Akaenda sokoni, akasimama mbele ya makaa ya Gaudiose, Spéciose na wenzake wakisikia. "Ingrid hana Sida," alisema. "Ni mafua, na wengine pia wanayo. Nilimpeleka kwa siri, nikasema nisichokielewa. Kosa ni langu."

"Nani amekutuma?" Gaudiose aliuliza.

"Hakuna aliyenituma."

Gaudiose hakumwamini, na uso wake haukuficha hilo. Hata hivyo hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Siku ya kumi baada ya hapo alimrudisha, lakini hakuondoka. Alisimama kando ya ua wa miti ya miyenzi mpaka adhuhuri, akiitazama mikono ya Mukankusi kila ilipogusa sufuria. Kesho yake Mukankusi akamtolea kigoda. Gaudiose akakifuta kwa pindo la kitenge, akaketi.

Ingrid aliendelea kukoroma, na mtoto wa Spéciose aliendelea kukohoa. Gaudiose alikuja kulinda siku tisa mfululizo. Siku iliyofuata alimwacha mtoto mlangoni, akashika njia ya sokoni, ingawa aligeuka nyuma mara mbili.