Neno Nililoiongezea Redio

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuona aibu kusema, "Hapo sikusikia."

Redio ya serikali ilikuwa bado ngeni kwetu Nyarugusu. Ilikaa dukani juu ya magunia ya chumvi, na jioni wachimbaji wa dhahabu na wafugaji walikusanyika kusikiliza habari kutoka Dar es Salaam. Wafugaji wengi hawakujua Kiswahili. Mimi nilijifunza peke yangu, kwa kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, nikawa nawafasiria kwa Kisukuma. Nilijivuna kwamba siachi hata neno moja.

Siku hiyo tangazo lilihusu ugonjwa wa ng'ombe. Njia moja ya kupitishia mifugo imefungwa, msomaji alisema, na kabla hajaitaja redio ikaanza kukwaruza.

"Leo sanduku limemeza vumbi la shimoni," mchimbaji mmoja akacheka.

Mjomba wangu hakucheka. Kesho yake alikuwa apeleke ng'ombe saba ukweni, mahari ya mwanawe.

"Mpwa wangu, imefungwa ipi?"

Wote walinitazama. Juma lililopita ilikuwa imefungwa ile ya mtoni.

"Ya mtoni," nikasema. "Pita ya mbugani."

"Redio imesema?"

"Imesema, mjomba."

Asubuhi nilisikia kengele za ng'ombe wake zikififia kuelekea mbugani. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikumfuata. Siku ya tatu upepo ulileta harufu ya ngozi za ng'ombe zinazoungua, na dukani hakuna aliyefanya utani.

Siku ya tano mjomba alirudi peke yake. Iliyofungwa ilikuwa ile ya mbugani; ng'ombe wake walichanganyika na wagonjwa kwenye kisima cha huko, walinzi wa njia wakawazuia, wakafia zizini wote saba.

"Redio ni mwongo," alisema.

Kwa majuma matatu nilimwacha ailaani, na wafugaji wakawa wanaondoka tangazo likianza. Mwishowe nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Haikuwa redio. Nilibuni mimi."

Aliendelea kusokota kamba yake.

"Mwanangu amekosa mke," alisema. "Ungesema hujui, ningengoja."

Bado nafasiri. Redio ikikwaruza nasema sikusikia, na wachache waliobaki hungoja tangazo lirudiwe. Mjomba haji tena.