Siku Mgogo Alipokalia Kiti cha Zamda

Dada yangu Zamda alikuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu Tabora, lakini kwa ulimi wake ungedhani ni waziri. Alikuwa fundi cherehani. Nusu ya siku alishona, nusu alihutubia. "Uhuru si bendera tu," aliwaambia wateja huku pini zimo mdomoni. "Uhuru ni kumwambia mkubwa amekosea, kisha ukaenda kwako ukala ugali kwa amani." Nilimpenda mno, ingawa gauni langu la Idi alilimaliza Idi ikiwa imekwisha.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha tulichimba kisima kwa kujitolea. Mwanzoni Zamda alibeba udongo kama sisi. Kisha uvumi ukaenea kwamba jina lake litapelekwa kwenye uchaguzi wa udiwani, na dada yangu akaanza kusimamia kazi akiwa kitini, mwavuli mkononi. Tukanuna kimyakimya.

Siku ya kufungua kisima alikuja katibu mgeni wa chama, kijana asiye na mzaha. Akakaribishwa kiti, akakaa. Kabla hotuba hazijaanza, jirani yetu Elieza, Mgogo mfanyakazi wa reli, akajitupa kwenye kiti cha Zamda. Akajitanda khanga, akafungua mwavuli.

"Wananchi, chimbeni kwa bidii!" akaita kwa sauti ya dada yangu kabisa. "Mimi huku nalinda kivuli kisiibiwe!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipopita Ugogo na mizigo kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi hata msibani. Lakini mgeni hakujua kuwa Elieza ni Mgogo. Yeye aliona mtu anamdhalilisha kiongozi hadharani.

"Mkamateni huyo!"

Mgambo wawili wakamshika Elieza mikono. Kicheko kikakatika.

Zamda uso ulikuwa umemwiva. Angenyamaza tu, Elieza angelala mahabusu, na mbele ya katibu yeye angebaki kiongozi mwenye heshima zake. Niliogopa kweli, maana nilijua kile kiti kilivyokuwa kimemnogea.

"Ndugu Katibu," akasema, "kwani kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Loo! Mzaramo mzima umekuja Unyamwezi kufunga watu? Hebu inuka hapo, mtani wangu, kiti hicho nacho changu!"

Wazaramo nao ni watani wetu, maana njia ya mizigo iliishia kwao. Katibu akamkazia macho Zamda, akatutazama sisi, kisha kicheko kikamponyoka. Akainuka, akawaashiria mgambo wamwachie Elieza.

Tukadhani Zamda atakaa. Hakukaa.

"Elieza, sema sasa bila utani," akasema. "Nilikaa kweli wenzangu wakichimba?"

"Ulikaa, Bi Zamda."

Akatugeukia sisi wanawake. "Na ninyi mbona hamkuniambia?"

"Tulikuogopa, mwanangu," akajibu Bi Mwanajuma, mkubwa wetu kwa umri.

Siku hiyo Zamda hakuwa na hotuba. Aliketi chini katikati yetu, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akamwambia Elieza aendelee kumwiga. Naye Mgogo yule hakuhitaji kubembelezwa.